Uimarishaji hasi si fimbo

Kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi wa watoto wenye usonji, kuna kauli ambayo haikosi kupita: "Kituo chetu hawatumii uimarishaji hasi, hawachapi watoto kabisa." Mwingine hudakia kwamba kwao unatumika kidogo tu, mtoto akikaidi ananyang'anywa tableti. Wote wawili wanazungumzia adhabu, na adhabu ina jina lake.

Neno "uimarishaji" limetoka kwenye ABA, njia inayotumika kwenye vituo hivyo, basi maana ya ABA tuimalize haraka. Ni kifupisho cha Kiingereza cha uchanganuzi tumizi wa tabia: njia ya kufundisha inayotazama kilichotangulia tabia, tabia yenyewe, na kilichofuata, halafu inabadilisha kile cha kabla au cha baada ili mtoto apate stadi anayoihitaji, kama kuomba maji, kuvaa viatu au kungoja zamu. Kila hatua inahesabiwa na kuandikwa. Haiponyi usonji, na anayekuahidi kuponya anauza kitu kingine.

Shida iko kwenye chanya na hasi. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner na wenzake waliyatumia maneno haya kama yanavyotumika kwenye hesabu: chanya ni kuongeza kitu, hasi ni kuondoa. Uzuri na ubaya havimo. Uimarishaji nao una sharti moja: tabia iliyotangulia izidi kutokea baadaye. Isipozidi hujaimarisha chochote, hata ukigawa pipi mfuko mzima. Tabia ikipungua, hiyo ndiyo adhabu, nayo ina chanya na hasi zake. Kumnyang'anya tableti, kama kweli kunapunguza ukaidi, ni adhabu hasi. Kumchapa kukipunguza tabia ni adhabu chanya, jina linalowakera watu wengi, na siwalaumu.

Uimarishaji hasi basi ni upi? Mbu anakulilia sikioni, unashusha chandarua, kelele inakoma. Kesho yake unakishusha mapema zaidi. Kero imeondoka, na tabia ya kushusha chandarua imepata nguvu. Hapo hakuna aliyeadhibiwa.

Sasa panda daladala jioni, imejaa. Mtoto wa miaka minne anataka simu ya mama yake, mama anakataa, mtoto anapiga mayowe. Abiria wanageuka. Bibi wa kiti cha mbele anaguna, "Watoto wa siku hizi!" Mama anatoa simu, kimya kinarudi. Ukimuuliza yeyote pale ndani nani amefundishwa kitu, atakuambia mtoto: amejifunza kwamba mayowe yanaleta simu, na huo ni uimarishaji chanya. Lakini mama naye amefundishwa. Alipotoa simu, mayowe yaliondoka na macho ya watu yaliondoka, kwa hiyo safari ijayo ataitoa mapema. Aliyepata uimarishaji hasi ni yeye. Kisa hiki nakipenda kwa sababu kinamwondoa mtoto kwenye kiti cha mshtakiwa. Kanuni ni zilezile kwa watu wote waliomo kwenye basi, na kwa mtaalamu mwenyewe pia.

Darasani tofauti hii inauma zaidi. Mwaka 1982 mtafiti wa tabia Brian Iwata na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto waliokuwa wakijiumiza, na wakaonyesha kwamba tendo lilelile, tuseme kujipiga kichwani, linaweza kuwa na kazi tofauti kwa kila mtoto. Kuna anayepata macho ya watu wazima. Kuna anayejiondoa kwenye kazi ngumu. Na kuna anayejipiga hata akiwa peke yake. Mchukue huyo wa pili. Anajipiga kila mara akiwekewa daftari la hesabu, na mwalimu anamtoa nje "kumwadhibu". Daftari limeondoka, mtoto ametulia chini ya mwembe, na wiki inayofuata anajipiga zaidi. Mwalimu anaapa kwamba ameadhibu, ilhali kilichotokea ni uimarishaji hasi safi kabisa, tena wa tabia ya hatari.

Mtaalamu anayejua kazi yake hutumia mlango huohuo kwa upole. Anampunguzia mtoto kazi iliyomlemea, anamfundisha kutoa kadi ya kuomba mapumziko, na kadi ikitoka tu, daftari linafungwa papo hapo. Huo pia ni uimarishaji hasi. Hakuna aliyechapwa, hakuna aliyenyimwa kitu, na mtoto amepata njia ya kusema "nimechoka" bila kujiumiza.

Harufu ya fimbo hata hivyo haikutoka hewani. Ivar Lovaas, aliyeifanya njia hii ijulikane kutoka chuo kikuu cha UCLA huko California, alitumia hata mshtuko wa umeme kwa watoto katika miaka ya 1960. Utafiti wake maarufu wa 1987, ambamo watoto 9 kati ya 19 walimaliza darasa la kwanza katika madarasa ya kawaida, ulihusisha saa 40 kwa wiki za mafunzo, na ndani yake mlikuwamo "hapana!" ya kufoka na kofi la pajani. Watu wazima wengi wenye usonji wanaeleza jinsi walivyozoeshwa kuacha kupunga mikono na kulazimishwa kutazama watu machoni, mambo yaliyowapendeza wengine bila kuwafaa wao. Malalamiko hayo ni mazito. Lakini yanahusu adhabu, na yanahusu nani anachagua tabia ya kubadilishwa. Baer, Wolf na Risley, katika makala ya 1968 iliyoweka misingi ya fani hii, walisema tabia inayoshughulikiwa iwe na umuhimu kwa mtu na kwa jamii yake. Mikono inayopunga bila kumdhuru mtu sioni inaingiaje hapo.

Kwa hiyo ripoti ya kituo ikiandika "uimarishaji hasi", mzazi mwenzangu, usikimbilie kumhamisha mtoto. Uliza waliondoa nini, mtoto alikuwa amefanya nini dakika ile, na tangu hapo anakifanya zaidi au anakifanya kidogo. Wakikujibu kwamba walimfungia peke yake chumbani hadi akanyamaza, hapo una haki ya kukasirika, ila waambie waandike adhabu.