Tairi za tela na ile imani ya kupunguza upepo

Hapa Mbeya mtu akishafunga tela nyuma ya pikapu anaelekea Dar, hakosi jirani wa kumwambia "toa upepo kidogo bwana, huko chini joto, tairi zitapasuka". Nimeisikia tangu niko mdogo. Sasa ukweli ni kinyume kabisa.

Ni kweli upepo ukipata moto unatanuka na geji inapanda, ila kile kipimo cha kwenye kibati cha tela kimeshahesabia hilo. Kinachoua tairi ni upepo mdogo, ule ubavu wa tairi unakunjika na kukunjuka kila mzunguko, unajipasha moto wenyewe kwa ndani mpaka mpira unaachana na nyuzi, na we uko mbele na redio yako husikii kitu mpaka uone vipande vya mpira vinaruka kwenye kioo.

Kwa hiyo pima asubuhi Uyole kukiwa bado na baridi, kabla gari halijatembea. Ukifika Chimala huko njiani ukakuta geji imepanda, iache hivyohivyo.

Halafu angalia namba nne ubavuni, 2217 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 22 mwaka 2017, kashata (yale meno ya tairi) inaweza kuwa nzima lakini mpira ushazeeka kwa kukaa uani. Nati kaza, na baada ya kilomita 80 hivi simama ukaze tena, hapohapo sogeza mkono karibu na habu (kile kitovu cha gurudumu), moja ikiwa ya moto kuliko zingine basi huenda beringi inalia grisi.