Meza mbili, juma moja: kwa nini abiria wa meli za Karibi hawasimulii huduma ile ile

Meza ya 214 na meza ya 218 zilitengana hatua tatu, na zote mbili zilikuwa zangu. Safari ilikuwa ya siku saba kutoka Miami: Cozumel, Grand Cayman, Falmouth ya Jamaika, halafu bahari tupu hadi kurudi. Pale 214 walikaa mzee na mkewe, wastaafu kutoka Ohio, wazoefu wa meli waliokwisha kusafiri zaidi ya mara ishirini. Pale 218 ilikaa familia ya watu sita ambao hawajawahi kupanda meli, pamoja na bibi yao aliyetaka wali kila usiku, menyu iwe na nini iwe.

Juma likaisha, fomu za maoni zikaja. Familia iliandika kwamba haijapata kuhudumiwa vile maishani. Wale wastaafu waliandika kwamba kahawa ilifika imepoa mara mbili, mhudumu anaonekana kachoka, na huduma ya siku hizi si ile waliyoizoea. Msimamizi wangu aliniwekea karatasi zote mbili mezani akaniuliza ipi ni ya kweli. Nikamwambia zote. Hakupenda jibu lile, na mimi sikuwa na lingine.

Nilikaa melini miaka tisa, nikaanza kama msaidizi wa mhudumu wa meza na kuondoka nikiwa msimamizi wa upande mmoja wa ukumbi wa chakula. Sasa nafundisha vijana kazi ya hoteli hapa Mombasa. Swali ninaloulizwa mara nyingi, na wanafunzi na ndugu zetu wa Houston na Dallas wanaopandia meli Galveston, ni lile lile la msimamizi wangu: mbona fulani karudi akisifu, na fulani, meli ile ile, karudi akilaani?

Abiria humpima mtu aliyesimama mbele yake. Kilichompata, mara nyingi, ni ratiba.

Chukua ile kahawa. Mashine ya upande wetu ilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, na kutoka hapo hadi 214 unapita meza kumi na moja. Kila usiku, mzee alipomaliza kitindamlo na kutaka kahawa yake, ndipo mtoto wa 218 alipoletewa nyama, maana ile familia ilikula polepole na kwa maswali mengi. Mtoto hakuweza kuikata. Nilimkatia. Msaidizi wangu alikuwa kamimina kahawa, kaiweka kwenye meza yetu ya vyombo, kisha kaitwa kwingine. Dakika niliyompa mtoto ndiyo iliyopoza kahawa ya mzee. Mama wa mtoto aliniandikia sifa kwa dakika hiyo hiyo.

Kuna na jambo la mizani. Kipya kinyemi, na abiria wa mara ya kwanza hana cha kulinganisha ila nyumbani kwake, ambako hakuna mtu wa kumtandikia kitanda. Mzee wa Ohio hakuwa akinilinganisha na meza ya jirani. Alikuwa akinilinganisha na meli ya miaka ya tisini, ndogo, ambayo mhudumu wa vyumba alipita asubuhi na tena jioni kufungua shuka na kukunja taulo umbo la tembo. Baada ya janga la korona kampuni kadhaa kubwa zilipunguza huduma hiyo ikawa mara moja kwa siku kwa vyumba vya kawaida. Abiria mpya hajui kama kuna kilichopungua. Wa zamani huingia chumbani saa tatu usiku, akakuta kitanda kama alivyokiacha, na safari imeshaanza kumwingia doa.

Meli zenyewe nazo zimekua. Icon of the Seas, iliyoanza safari za abiria Januari 2024 kutoka Miami, ina wafanyakazi wapatao 2,350. Ukihesabu watu wawili kwa kila chumba, inabeba abiria 5,610. Ukijaza na vitanda vya ziada, vile vya kushushwa kutoka ukutani na makochi ya kukunjua, inafika 7,600. Tazama hapo: karibu watu 2,000 zaidi, wengi wao watoto, na wafanyakazi ni wale wale. Tena katika hao 2,350 toa mafundi wa injini, mabaharia, wanamuziki, wafua nguo. Kwa hiyo anayesafiri wiki ya kwanza ya Februari na anayesafiri Krismasi au likizo ya Machi wamepanda meli mbili zenye jina moja. Mtu akiniambia huduma ilikuwa mbovu, kwanza namuuliza tarehe.

Namuuliza pia alikula saa ngapi. Kwa mpango wa zamani kuna mikupuo miwili ya chakula cha jioni, wa mapema kama saa kumi na mbili na wa pili kama saa mbili au mbili na nusu. Wa mapema una mwisho: lazima meza iwe tupu, ipanguswe, itandikwe upya kabla ya wa pili hawajapanga foleni mlangoni. Mhudumu atatabasamu lakini miguu yake inakuharakisha, na wewe utahisi. Wa pili hakuna anayekufukuza. Kampuni ya meli ya Norwegian ndiyo iliyoanzisha, mwaka 2000, utaratibu wa kula saa unayotaka mahali unapotaka, na kampuni nyingine zikafuata kwa namna zao. Watu wanaupenda uhuru huo, na sina ugomvi nao, lakini una bei yake: kila usiku unahudumiwa na mtu asiyekujua.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Melini hatuna jembe, lakini siku ya tatu ni ya maana vilevile. Siku ya kwanza nakariri majina. Ya pili nakosea kidogo. Ya tatu nakuja na maji yasiyo na barafu kabla hujaketi, na wali wa bibi uko njiani. Anayebadilisha meza kila jioni huishi siku ya kwanza mara saba, kisha anaandika kwamba wahudumu hawakuwa na uchangamfu.

Siku ya kwanza yenyewe ni mtihani. Meli inafunga gati alfajiri, abiria wanaomaliza safari wanashuka hadi saa nne au tano asubuhi, wapya wanaanza kupanda karibu na saa sita, na saa kumi au kumi na moja jioni kamba zinafunguliwa. Mwenzangu wa chumba alikuwa mhudumu wa vyumba. Alikuwa na vyumba 18 vya kubadilisha kati ya kuagana na kukaribisha. Kisha mazoezi ya dharura, ambayo baada ya ajali ya meli ya abiria Costa Concordia huko Italia, Januari 2012, sheria ikakaza kwamba yafanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Hapo mimi ni mtu wa maboya: nimevaa langu, nahesabu watu kwenye kituo changu. Nikitoka hapo naingia ukumbini. Chakula cha usiku wa kwanza kikichelewa, mjue kwamba aliyekileta alikuwa kwenye ule ujia mrefu wa chini tunaouita I-95, kwa jina la barabara kuu ya Marekani inayoanzia Miami, akibadilisha shati huku anakimbia.

Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 unataka mapumziko yasipungue saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Juma lina saa 168. Piga hesabu ya zinazobaki, uone sheria inaruhusu nini. Siku ya mapumziko kamili sikuwa nayo, kwa mikataba ya miezi saba au minane. Ukinikuta mwezi wa pili wa mkataba nakuimbia siku yako ya kuzaliwa kwa moyo. Mwezi wa saba naimba pia, ila mzee wa Ohio ana macho: aliona. Nilikuwa mwezi wa saba.

Halafu kuna bahari. Grand Cayman haina gati la meli kubwa; meli inatia nanga mbali, na abiria wanapelekwa George Town kwa mashua. Mawimbi yakichafuka nahodha anapita tu. Sasa watu elfu tatu waliopanga kula samaki nchi kavu wanamiminika wote kwenye bafe saa sita mchana, na hasira juu. Ukumbi uliopangiwa robo ya watu hao hauwezi. Sahani zinaisha, meza hazipanguswi, foleni inafika kwenye lifti. Jioni ile ile, aliyelala chumbani mchana kutwa na kuagizia sandwichi atakwambia siku ilikuwa tulivu kuliko zote.

Pesa nayo hukata meli vipande. Ziko meli zenye mtaa wa ndani: kampuni ya MSC wanauita Yacht Club, Norwegian wanauita The Haven. Una bwawa lake, mkahawa wake, mhudumu binafsi, na mlango unaofunguka kwa kadi ya wenyeji wake tu. Ni kama Nyali ya wenye nazo na Likoni ya watu wa kawaida hapa Mombasa, isipokuwa hapa kivuko ni lifti. Mkazi wa Nyali ya melini hajaiona foleni ya bafe. Akisema meli haina foleni hasemi uongo. Sina neno na hilo, mtu kalipa. Linaloniudhi ni matangazo yanayomwonyesha wa chumba cha ndani, kisicho na dirisha, picha za kule juu.

Kuhusu bakshishi nitasema ambalo wenzangu watanuna. Kampuni nyingi za soko la Marekani huitoza moja kwa moja kwenye akaunti ya abiria, siku hizi kati ya dola 16 na 20 hivi kwa mtu kwa siku kwa vyumba vya kawaida, na katika kampuni nyingi abiria akitaka huenda kwenye kaunta ya wageni ikaondolewa. Kwa mhudumu hiyo ndiyo sehemu kubwa ya mshahara. Je, anayenipa noti mkononi siku ya kwanza anapata zaidi? Sahani yake haijai zaidi. Ila nitageukia meza yake mara nyingi kuliko nitakavyokiri, na ukiwa na watu ishirini na wanne wa kuwaangalia, kugeuka ndiko huduma.

Ile familia ya 218 iliyonisifu iliondoa bakshishi yote siku ya sita. Nilijua kwa sababu huwa tunajua. Sidhani ilikuwa roho mbaya. Walikuja kaunta na bili, wakaona mstari wasioufahamu, wakadhani kampuni inawaibia. Mzee wa kahawa baridi hakugusa chake. Usiku wa mwisho alinishika mkono akaniachia bahasha, na asubuhi akaandika aliyoyaandika. Kwa mtu wa tabia yake hayo mawili hayapingani: pesa ni ya kazi, fomu ni ya ukweli.

Fomu, lakini, haikusomwa hivyo. Kwenye kampuni niliyofanya kazi, alama isiyo ya juu kabisa ilihesabika kama kosa. Mwingereza akikupa nane kwa kumi amekusifu mbele ya kaburi la mama yake. Mmarekani mwingi wa moyo anagawa kumi hadi kwa mlango wa lifti. Wote wawili wamefurahi sawa, na mmoja amenipeleka kwenye kikao cha kurekebishwa. Ndiyo maana usiku wa mwisho wahudumu hupita mezani wakiomba kumi, kitu kinachowachukiza wasafiri wa zamani. Nami niliomba. Nilikuwa na ada za shule za kulipa.

Basi, kwa wale wa Galveston walioniandikia kwamba wameshalipia Novemba: kama mnawapenda watu kuliko uhuru, chukueni meza ya kudumu na mkupuo wa pili. Mkipewa chaguo la kula wakati wowote, bado mnaweza kumwomba mkuu wa ukumbi awaketishe kwa mhudumu yule yule; wengi hukubali, mkimwambia usiku wa kwanza na si wa nne. Usiku huo wa kwanza msitegemee makubwa. Mwambieni mhudumu mapema mambo yenu madogo, nani hali nguruwe, nani hataki barafu, maana hatasoma kwenye uso. Na kahawa iagizeni pamoja na kitindamlo, msingoje kukimaliza.