Ofisi ya nyumbani haifuti kodi ya mapato

Wengi waliopanga Kisasa, Ilazo au Area C, mitaa ya Dodoma, huamini kwamba ukifanyia kazi sebuleni, pango lote unalikata kwenye kodi ya TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Sivyo.

Kwanza, mwajiriwa asahau. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, inaruhusu kukata matumizi ya kuzalisha mapato ya biashara au uwekezaji. Mshahara haumo, hata kama bosi ndiye aliyekutuma ufanyie kazi nyumbani. Mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 anayelipa kodi ya makadirio naye hana cha kukata, maana kodi yake inapigwa kwenye mauzo, si kwenye faida.

Anayebaki ni mfanyabiashara anayeandaa hesabu. Huyo akate sehemu ya biashara tu. Tuseme nyumba ni mita za mraba 48 na chumba cha ofisi, kisicholaliwa na mtu, ni 12: hiyo ni robo. Pango la 400,000 kwa mwezi linatoa 100,000, yaani 1,200,000 kwa mwaka. Na hiyo inapunguza faida, si kodi yenyewe. Kwa kiwango cha 30%, unaokoa 360,000.

Wengi hukwamia kwenye karatasi: mkataba wa pango haupo, risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) hazipo, umeme wa LUKU umenunuliwa kwa simu ya shemeji. Kompyuta nayo haikatwi yote kwa mkupuo, inakatwa kidogo kidogo kama uchakavu, 37.5% kwa mwaka. Meza na viti 12.5%.