Je, wajua kwa nini Marekani kuna hospitali haziruhusiwi kuongeza vitanda hata kama hela ipo?

Unaweza kuwa na mtaji, kiwanja, na madaktari wenye leseni zao zote, na bado kwenye majimbo mengi ya Marekani usiruhusiwe kufungua hospitali, kwingine hata kununua mashine ya MRI, mpaka jimbo likubali kwamba huduma hiyo inahitajika pale. Kibali hicho kinaitwa cheti cha uhitaji, na wala hakipimi ubora, ukaguzi wa usafi na leseni una utaratibu wake mwingine kabisa.

Sasa nchi inayojisifia soko huria ilifikaje huku? Mchawi ni bili. Zamani bima nyingi, na Medicare (bima ya serikali kuu, hasa kwa wazee) ilipoanza miaka ya 60, zililipa hospitali kadiri ya gharama zilizotumika, yaani ukijenga wodi mpya unamtwika mlipaji gharama na maisha yanaendelea. Mtafiti Milton Roemer alishaligundua hilo mapema: kitanda kikijengwa, mgonjwa wa kukilalia hakosekani, maana daktari akiona nafasi ipo anakuongezea siku mbili, na wewe huumii kwa sababu bima inalipa. Ndo wakasema basi tubane vitanda. New York wakatangulia 1964, na 1974 bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuyabana majimbo mengine yafuate la sivyo yakose hela za serikali kuu.

Kichekesho ni kwamba 1983 Medicare ikaanza kulipa kiwango kilichopangwa kabisa kwa kila aina ya ugonjwa, ulale siku tatu au tano hela ni ileile, kwa hiyo sababu yenyewe ikapungua nguvu, na 1986 sheria ile ya kitaifa ikafutwa. Ila majimbo mengi yakabaki na vyeti vyao mpaka leo.

Kwa nini? Angalia kilichotokea Kentucky. Wahamiaji wawili wa Nepal walitaka kuhudumia wagonjwa majumbani kwa lugha yao, maana wakimbizi wanaozungumza Kinepali hawaelewani na wauguzi wa Kiingereza. Hospitali kubwa inayotoa huduma hiyohiyo ikawapinga, hesabu za jimbo zikasema wahudumu waliopo wanatosha (lugha haikuingia kwenye hesabu!), wakanyimwa, wakaenda mahakamani na 2022 wakashindwa kwenye rufaa. Yaani mshindani wako anapewa kiti kwenye kikao cha kuamua kama uingie sokoni.

Hospitali zinajitetea kwamba upasuaji wenye faida ndo unafidia hasara ya wagonjwa wa dharura wasio na hela, na vituo vidogo vikichukua minofu wao wanabaki na mifupa. Hoja ina uzito, ila mi naona basi dharura zilipiwe waziwazi kuliko kumfungia mwenzio mlango.

Jimbo la South Carolina walifuta sheria yao ya vyeti hivi 2023, sehemu kubwa papo hapo, lakini hospitali zenyewe zikaachiwa kinga yao mpaka 2027.