Umewekewa mufupa wa kupandikiza, utakanyaga lini?

Hapa Goma pikipiki na chukudu, zile tukutuku za mbao za kubeba mizigo, zinavunja watu miguu, wengine wanamaliza miezi na pengo kwenye mufupa mpaka wapandikizwe. Kisha hapo maswali ni haya.

Kupandikiza mufupa ni kufanya nini?
Munganga anakata vipande, mara mingi kwenye nyonga yako mwenyewe, anajaza pale penye pengo, anakaza na plaki (bamba la chuma) na visi (skrubu) ama vyuma vya inje ya ngozi. Seli mingi za kile kipande zinakufa, kinabaki kama kofraji ya fundi, zile mbao za kushika betoni: mishipa ya damu inaingia, seli zingine zinakula ule wa zamani pole pole, zingine zinajenga mupya. Kazi ya miezi.

Si ukikanyaga kitahama?
Ukikanyaga vibaya, ndiyo. Lakini mufupa usiobeba kitu mwili unaula, Julius Wolff, munganga wa Ujerumani, aliandika tangu 1892 kwamba mufupa unajijenga kufuata muzigo unaoubeba. Ndani ya mufupa kuna vijia vidogo sana vyenye maji, ukikanyaga yale maji yanasukumwa, seli zilizo ndani zinasikia zinaita wajenzi. Wale wanaokaa angani kwa miezi, hawakanyagi kitu, wanapoteza kama 1% ya mufupa wa nyonga kila mwezi, na ni watu wazima wenye afya!

Basi nikanyage sana nipone mbio?
Apana. Mufupa mupya unavumilia kunyooshwa kama 2% tu, kupita pale mishipa midogo inakatika na mwili unaweka kovu ama gegedu pahali pa mufupa, unajikuta na kiungo cha uongo kinachochezacheza katikati ya muguu. Ndiyo sababu wa kine, yule wa mazoezi ya viungo, anakupa kilo za kukanyagia. Weka mashini ya kupima kilo chini, kanyaga na ule muguu, bekiyi (magongo) mbili mukononi, angalia mushale mpaka ufike zile alizosema, tuseme 15, halafu rudia rudia mpaka muguu wenyewe uzoee bila kuangalia. Fanyia kwenye sakafu ya sima, si inje kwenye mawe ya volkano, bekiyi inateleza pale na kilo 15 zinakuwa 70 mara moja.

Chuma kigumu zaidi si njo kizuri?
Mwanzoni, ndiyo. Kikibeba kila kitu mpaka mwisho mufupa unabaki muzembe, kwa hiyo wakati mwingine munganga anatoa visi moja ama analegeza vyuma vya inje, makusudi. Usishangae, na usilegeze mwenyewe.

Sigara je?
Acha, inabana mishipa ya damu.

Na mzee wa kukanda mifupa?
Heshima yake tunamupa, lakini asiguse pale. Kukanda kunasogeza kipande kabla kishike. Maumivu yakizidi kila siku ukikanyaga, ama usaha ukitoka, rudi kwa aliyekupasua, apige radio, ile picha ya mifupa.