Mudani ya China: ua linalorithiwa kwa kisu

Katika karne ya 11, mjini Luoyang, kikonyo kimoja, yaani kijitawi cha kubebeshea, cha mudani, kichaka cha maua, cha aina iitwayo Yao Huang kilikuwa na bei ya sarafu 5,000. Hati iliandikwa majira ya vuli, kikonyo kikabebeshwa (kikapandikizwa juu ya mzizi mwingine), na fedha zikatolewa wakati wa machipuko, ua likishachanua. Mnunuzi hakutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Aliyetuachia habari hizi ni Ouyang Xiu, ofisa kijana wa serikali, katika kitabu kifupi cha mwaka 1034 alimoeleza aina 24 za ua hilo. Anamtaja hata fundi mmoja wa kubebesha, aliyeitwa Men Yuanzi, ambaye kila tajiri alimwita nyumbani kwake. Anasimulia pia uchoyo wa wenyeji: mkubwa akiomba kikonyo cha Yao Huang, wapo waliokichovya kwanza kwenye maji ya moto, ndipo wakampa.

Uchoyo huo una sababu. Mbegu ya Yao Huang haizai Yao Huang. Mche unaotokana na mbegu hupishana na mama yake kwa rangi, kwa umbo na kwa wingi wa petali, na huweza kukaa miaka mitano au zaidi kabla ya kutoa ua la kwanza. Anayetaka aina ileile hana budi kugawa kichaka chake, au kukata kikonyo na kukibebesha juu ya mzizi mwingine, kama tufanyavyo kwa miembe na michungwa. Kwa hiyo kila kichaka halisi cha aina ya kale ni kipande cha mmea mmoja wa mwanzo. Watunzaji wa kizazi kimoja wakizembea, aina imekwisha. Na jina pekee si ushahidi, kwa kuwa jina zuri la aina iliyopotea ni rahisi kuvikwa mche mwingine.

Mudani ni kichaka chenye shina la mti, kimo cha mita moja hadi mbili, na hupukutisha majani kila msimu wa baridi. Ndugu yake, shaoyao, hana shina la mti. Hunyauka hadi ardhini kila mwaka na kuchipua upya kutoka mizizini. Mudani mwitu zote asili yake ni China, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba zile za bustanini ni machotara wa spishi tano za mwitu. Mwanzoni watu waliitafuta kwa ajili ya tiba. Walichimba mizizi, wakabandua ganda lake na kulikausha. Maandishi ya tiba yaliyofukuliwa mwaka 1972 katika kaburi la zama za nasaba ya Han, kama miaka 2,000 iliyopita, huko Wuwei, mkoani Gansu, yanaitaja tayari. Ganda hilo, danpi, lingali likiuzwa katika maduka ya dawa za Kichina.

Fahari yake ilianza wakati wa nasaba ya Tang (618–907). Husimuliwa kwamba Wu Zetian, mwanamke pekee aliyetawala China kwa cheo cha mfalme, aliyaamuru maua yote yachanue katikati ya baridi. Mudani ikakaidi, ikafukuzwa Chang'an, mji mkuu wa Tang, na kupelekwa Luoyang. Hadithi tamu, lakini Luoyang ndio mji Wu Zetian alioufanya makao yake makuu. Adhabu gani hiyo ya kumpeleka mkaidi mahali unapokaa mwenyewe? Ninalolichukulia kwa uzito zaidi ni shairi la Bai Juyi (772–846), ambamo mzee wa shamba anajikuta kwenye soko la maua la mji mkuu, anainamisha kichwa na kushusha pumzi: bei ya kichala kimoja cha maua ya rangi iliyokoza ni kodi ya kaya kumi za watu wa kawaida.

Wachoraji walikuwa upande wa wanunuzi. Katika Jumba la Makumbusho la Mkoa wa Liaoning kuna picha kwenye hariri inayodhaniwa kuwa ya Zhou Fang, mchoraji wa zama za Tang, ya mabibi wa kasri waliochomeka maua makubwa kwenye nywele. Mmoja amevaa mudani nzima kichwani. Baadaye ua hilo lilihamia kwenye mavazi, makabati na kauri, likiwa alama ya utajiri na cheo. Hapo ndipo lilipokaribia pwani yetu. Mabakuli ya Longquan na ya Jingdezhen, vituo vya ufinyanzi vya China, yalifika Kilwa na Gede kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, na mudani iliyozungushiwa vikonyo vinavyojipinda ni moja ya nakshi ambazo wafinyanzi wa sehemu hizo walizipenda sana. Ukiingia Fort Jesus, Mombasa, zitazame kauri za Kichina kwa jicho hilo.

Vita viliihamisha mudani mara kadhaa. Luoyang ilipoangukia mikononi mwa Wajurchen, wavamizi kutoka kaskazini, katika karne ya 12, sifa ilihamia Tianpeng, mkoani Sichuan. Zama za nasaba ya Ming (1368–1644) ikawa zamu ya Bozhou, kisha Caozhou, ambayo leo ni Heze, mkoani Shandong. Huko Caozhou ndiko ilikotoka Zhao Fen, ya waridi laini, yenye jina la ukoo wa Zhao walioiotesha. Er Qiao hutoa maua ya rangi mbili kwenye kichaka kimoja, pengine hata ua moja likagawanyika nusu kwa nusu. Dou Lü ni ya kijani. Yao Huang ni ya manjano hafifu inayoelekea weupe. Ukikuta katalogi inauza mudani ya manjano makali, jua hiyo ni damu mpya, chotara wa spishi ya Yunnan, iliyoanza kuzalishwa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 19.

Je, itaota kwetu? Dar es Salaam au Mombasa usijisumbue. Tumba la mudani haliamki bila wiki nyingi za baridi inayokaribia nyuzi sifuri. Wachina wenyewe wanalijua hilo: kabla ya Mwaka Mpya wao, miche iliyokwisha kupigwa na baridi ya Heze hupelekwa Guangdong, kwenye joto, ikachanua sikukuu. Ikiachwa huko, mwaka unaofuata haitoi kitu cha maana.

Msomaji uliyeko Ulaya au Amerika Kaskazini unaweza kujaribu. Panda vuli, mahali pasipotuama maji, kwa kuwa mizizi yake minene huoza upesi. Mche mwingi wa dukani umebebeshwa juu ya mzizi wa shaoyao, hivyo fukia kiungo sentimita 10 hadi 15 chini ya udongo ili mudani iote mizizi yake yenyewe. Miaka ya mwanzo usiishangae ikidumaa. Kagua machipukizi yanayotoka ardhini: yenye majani membamba yanayong'aa ni ya shaoyao, na yakatwe chini kabisa, la sivyo yatakula nguvu zote na mudani uliyoinunua itakufa.