Dhana potofu kuhusu huduma ya parokia kwa majirani wenye shida

Katika parokia nyingi za Kikatoliki kuna kundi la walei, yaani waumini wasio mapadre wala watawa, wanaokutana kwa ratiba maalumu, wakasali, wakapitia majina ya kaya zilizoomba msaada, kisha wakagawana nyumba za kutembelea. Kundi la aina hii linalojulikana zaidi ni Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho kimeenea pia Kenya, Uganda na Tanzania. Pamoja na umri wake mkubwa, kazi yake bado inaeleweka vibaya, na mara nyingi wanaoielewa vibaya ni waumini wa parokia ileile.

Dhana iliyozoeleka ni kwamba hii ni kazi ya paroko, na walei ni watu wa kutumwa tu. Ukweli ni kwamba chama hiki kilianzishwa na walei. Kilizaliwa Paris tarehe 23 Aprili 1833, siku ambayo mwanafunzi Frédéric Ozanam alitimiza miaka 20, akiwa na wanafunzi wenzake wachache na mhariri mmoja aliyewazidi umri, Emmanuel Bailly. Walikuwa wamechokozwa katika mdahalo na vijana waliodai kwamba Kanisa lilitenda mema zamani, lakini sasa halina la kuwaonyesha maskini wa jiji ambalo mwaka uliotangulia lilikuwa limeshambuliwa na kipindupindu. Kwa kuwa hawakujua pa kuanzia, walimwendea Sista Rosalie Rendu, aliyewahudumia maskini wa mtaa wa Mouffetard, naye akawaelekeza kwa familia za kutembelea na kuwafundisha namna ya kuwahudumia. Hata leo mwenyekiti wa kundi la parokia ni mlei, na padre ni mlezi wa kiroho.

Wapo wanaosema kwamba kwa kazi hii moyo wa huruma unatosha, na kwamba vikao, madaftari na zamu ni urasimu usio na maana. Vinsenti wa Paulo mwenyewe, padre aliyeishi karne mbili kabla ya chama hiki kilichopewa jina lake, aliliona jibu la hoja hii mwaka 1617, alipokuwa paroko wa Châtillon, nchini Ufaransa. Akiwa anajiandaa kwa Misa ya Jumapili, aliambiwa kuhusu familia moja ambayo watu wake wote walikuwa wagonjwa na hawakuwa na wa kuwauguza. Akawaombea msaada katika mahubiri. Mchana huo barabara ilijaa watu waliobeba vyakula kuelekea nyumba ileile, na alipowaona, Vinsenti alitambua kwamba vingi vingeharibika, na familia hiyo ingerudia njaa siku chache baadaye. Wema ulikuwapo tele. Kilichokosekana ni mpango. Ndani ya siku chache aliwakutanisha wanawake wa parokia, wakakubaliana kuwahudumia wagonjwa kwa zamu. Kwangu mimi tukio hili lina uzito kuliko mahubiri mengi kuhusu ukarimu, kwa sababu parokia zetu nazo hupokea magunia ya unga wakati wa Krismasi na Pasaka, huku mjane anayedaiwa kodi ya chumba mwezi wa Julai akiambiwa asubiri.

Hapo pia inaanguka dhana kwamba msaada maana yake ni nguo kuukuu. Nguo zina nafasi yake, ila mara nyingi shida halisi ni nauli ya kwenda kliniki, madaftari ya shule, dawa, au mtu wa kumsindikiza mzee kwa afisa ustawi wa jamii. Mambo hayo hayajulikani bila kufika nyumbani, na ndiyo maana wanachama hutembelea wakiwa wawili wawili. Ziara hiyo si upelelezi: yanayosikika huko hayasimuliwi kwenye jumuiya wala kwenye kwaya. Lazima nikiri kwamba kanuni hii ndiyo inayovunjwa kirahisi zaidi, na ikishavunjwa mara moja, nyumba nyingine hufunga milango.

Kuhusu madai kwamba wanaosaidiwa ni Wakatoliki peke yao, au kwamba unga ni chambo cha ubatizo, jibu ni fupi. Kanuni ya chama hairuhusu mtu kubaguliwa kwa dini, kabila wala msimamo wa kisiasa, na Papa Benedikto wa Kumi na Sita aliandika mwaka 2005, katika waraka wake kuhusu upendo, kwamba matendo ya huruma hayafanywi kama njia ya kuwavuta watu kwenye dini. Katika mitaa yetu, ambako mara nyingi Mkristo na Mwislamu wanatenganishwa na ukuta mmoja tu, kutenda kinyume cha hapo kungekuwa aibu ya mchana kweupe.

Hofu kwamba misaada huzaa uvivu haistahili kupuuzwa, kwa sababu kugawa bila kufuatilia kunaweza kweli kumwacha mtu palepale alipokuwa. Hata hivyo wengi wanaotembelewa ni wazee, wagonjwa, walezi wa yatima, na watu waliopoteza kazi ghafla, na kwa huyu wa mwisho kulipiwa kodi ya mwezi mmoja kunaweza kumzuia asikose mahali pa kulala wakati anatafuta kazi nyingine.

Mwisho ni dhana kwamba lazima uwe na fedha ndipo ujiunge. Katika kila kikao hupitishwa mchango wa siri, ambao hakuna anayejua mwenzake ametia kiasi gani, ili asiye na kitu aketi sawa na mwenye duka. Na fedha hizo hazikusanywi ili zilale benki: kanuni inawataka wanachama wasizilimbikize wakati wapo wanaozihitaji.